Sura ya Nne: Chakula cha Barazani na cha Sikukuu Mjini Unguja

Watu wazima waliotulea walituonya tangu utotoni kwamba mtu mwenye adabu hali njiani, na onyo lao, kwa kadiri lilivyomhusu mtu atembeaye huku anatafuna, lilikuwa jema na lingali jema. Walakini liliacha katika nyoyo za wengi dhana isiyo sahihi, kwamba chakula kipikwacho kwa kuuzwa nje ni duni kwa asili yake, na kwamba upishi wa kweli wa pwani hauonekani ila ndani ya nyumba, katika sinia iliyofunikwa kawa. Sura hii nimeiandika kwa kusudi la kuipinga dhana hiyo, nami nimeuchagua mji wa Unguja uwe shahidi wangu, kwa kuwa ni mji mdogo ambao mtu mwenye afya huweza kuuvuka kwa miguu kati ya alasiri na magharibi, ilhali vyakula viuzwavyo katika mabaraza, migahawa na viwanja vyake vingeweza kuutosha mji uliouzidi mara kadhaa.

Neno nitakalolitetea ni kwamba chakula cha barazani hapa ni chakula cha nyumbani kilichotoka mlangoni. Mikono iliyokitengeneza ndiyo ileile inayopika harusini na hitimani, meko ni yaleyale, na kipimo cha chumvi ni kile ambacho binti alifunzwa na mama yake. Kilichobadilika ni kwamba mlaji sasa ni mpita njia, naye hulipa.

Anayetaka kuujua mji huu kwa njia ya ulimi wake na aanzie Darajani, pale ambapo zamani mkono wa bahari uliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla haujafukiwa. Soko lililopo hapo lilifunguliwa mwaka 1904, na mpaka leo ndiko zianziako sahani nyingi zitakazouzwa mjini mchana kutwa: changu na kolekole walioshushwa alfajiri, pweza aliyekwisha kupigwa mpaka nyama yake ikalegea, nazi zilizofuliwa, ndimu, embe mbichi, na vifuko vya bizari, iliki, mdalasini na pilipili manga. Mpishi hodari hujulikana hapa kabla hajawasha moto. Afikaye mapema humpata samaki mwenye jicho angavu, akaondoka zake. Afikaye jua limepanda hukuta mabaki, na mabaki hayo, hata yakifichwa kwa viungo vya namna gani, hayawezi kumdanganya mlaji aliyezaliwa pwani.

Kutoka sokoni si mbali kufika Mkunazini, uliko mgahawa wa Lukmaan, wenye jina kwa wenyeji na kwa wageni sawasawa. Na ukiishika barabara ya Malawi utaufikia Passing Show, ambao watu huusifu kwa biriani na pilau. Sikuitaja miwili hii kwa kudai kwamba imeishinda mingine yote, maana iko midogo isiyo na hata kibao mlangoni ambayo mchuzi wake humrudisha mtu kesho yake. Nimeitaja kwa kuwa migahawa ya namna hii ina desturi ninayoipenda sana, ya mteja kusogea mbele ya vyakula vilivyokwisha kupikwa, akavitazama kwa macho yake, akaonyesha akitakacho, kisha akaketi ubavuni mwa mtu asiyemjua. Mpagazi wa bandarini, karani wa serikali, mwalimu wa chuo na ajnabi aliyeshuka jana hula wali wa sufuria moja kwa bei isiyomwogofya yeyote kati yao. Kipimo changu cha mgahawa ni chepesi: hutazama saa saba mchana kama watu wafanyao kazi jirani huja kula pale. Mgahawa usioliwa na wenyeji, hata ukiwa na vitambaa vyeupe mezani na bahari dirishani, huwa umeacha kumwogopa mtu awezaye kuukosoa.

Na jambo la kwanza la kukosolewa ni wali. Wali wa nazi hudhaniwa kuwa upishi mwepesi, kumbe hauna pa kujificha, kwa kuwa ndani yake hamna ila mchele, nazi, maji na chumvi. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa kwa kifumbu au chujio, na tui la kwanza, lililo zito, likawekwa kando. Kisha machicha hutiwa maji yakakamuliwa tena, na tui hilo la pili, lililo jepesi, ndilo liivishalo mchele. Tui zito haliingii mpaka maji yanapokaribia kukauka, nao wali hugeuzwa kwa mkono mwepesi, ukafunikwa na kupaliwa makaa juu ya kifuniko, uive kwa joto la juu na la chini pamoja. Mgahawa wenye haraka humimina tui lote kwa mara moja, au hutumia tui la kopo, na wali ukatoka una mafuta juu na majimaji chini. Uliopikwa kwa subira hutengana punje kwa punje, na ladha ya nazi humjia mtu mwishoni, akiwa amekwisha kumeza.

Kahawa nitaipita upesi, maana wengi wamekwisha kuiandika: ni chungu, hutoka katika dele lililokaa juu ya makaa, hunywewa katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na kashata ya nazi au ya njugu huandamana nayo. Atakaye kusikia habari za mpira na za siasa pamoja na kahawa yake na aende ile njia panda ya Mji Mkongwe iitwayo Jaws Corner.

Nataka kukaa zaidi na urojo, ambao vijana wa siku hizi huuita miksi. Huu hutoka alasiri. Muuzaji aghalabu ni mama aliyeweka meza mbele ya nyumba yake, au kijana aliyeirithi kazi kwa wazee wake, na juu ya meza limetua sufuria la mchuzi wa rangi ya manjano, mzito kiasi cha kushikamana na upawa, uliopikwa kwa unga, bizari ya manjano na chumvi, ukatiwa uchachu wa embe mbichi, ndimu au ukwaju. Kando yake yamepangwa mabeseni yaliyofunikwa: viazi vilivyochemshwa na kukatwa, bajia, kachori za viazi zilizochovywa katika unga na kukaangwa, mayai, mishikaki midogo, chipsi nyembamba za muhogo, chatini nyeupe ya nazi na chatini nyekundu ya pilipili.

Itazame mikono ya mama huyo inavyopanga bakuli. Viazi na bajia hutangulia chini, zipate kuunywa mchuzi. Mchuzi humiminwa mara moja, usifike ukingoni. Kachori huvunjwa kwa ncha ya kijiko. Nyama huvuliwa kijitini. Chatini ya nazi hukaa upande mmoja ili mlaji aikoroge mwenyewe atakapo. Na chipsi za muhogo huja mwisho kabisa, juu ya vyote, kwa sababu zikilowa mapema huwa hazina maana tena.

"Pilipili nikutilie, mwanangu?" huuliza, upawa ukiwa umesimama hewani.

"Kidogo, mama, na ndimu uzidishe."

Mlaji hupokea bakuli lake, akaketi juu ya baraza ya jirani bila ya kuomba ruhusa, maana ruhusa hiyo ilikwisha kutolewa siku nyingi, na katika kijiko kimoja akakuta uchachu wa embe, ukali wa pilipili, ubaridi wa nazi na muhogo unaovunjika menoni. Sijui karamu ya nyumba kubwa iliyonipa furaha kuliko hiyo.

Wako wasemao kwamba urojo si chakula cha asili, kwa kuwa sehemu zake zilitoka ng'ambo ya bahari, na hoja yao nusu yake ni kweli. Bajia, kachori na chatini zilikuja na Wahindi waliohamia mwambao, ambao idadi yao mjini Unguja iliongezeka katika karne ya 19 chini ya masultani wa Kiomani. Muhogo na pilipili asili yake ni bara la Marekani, navyo vilifika Afrika kwa merikebu za Wareno, ambao Vasco da Gama aliwatangulia kuufikia mwambao huu mwaka 1498. Na mshikaki una nasaba na Bara Arabu na Uajemi. Nazi peke yake ilikwisha kuwa ya mwambao kabla ya wote hao, kwani al-Masudi wa Baghdad, aliyesafiri bahari hizi katika karne ya 10, aliitaja miongoni mwa vyakula vya watu wa Zanj. Lakini ikiwa asili ya kila kiungo ndiyo hukumu, hapana taifa duniani litakalobaki na chakula chake. Viungo huweza kutoka popote. Mpango wa bakuli lile ni wa Unguja, na mpango ndio upishi.

Mkono wa nyumbani huonekana wazi zaidi katika vitamutamu, na hapa namwomba msomaji aingie nami katika uwa wa nyumba moja ya Ng'ambo baada ya sala ya adhuhuri. Unga wa ngano uliokorogwa kwa hamira na tui umefunikwa kitambaa tangu asubuhi, nao sasa umefura na kujaa mapovu. Mama ameketi mbele ya seredani, karai la mafuta likiwa juu ya makaa. Huuteka unga kwa mkono wa kushoto, akaufumba katika ngumi, na unga ukachomoza mviringo kati ya kidole gumba na cha shahada. Mkono wa kulia, wenye kijiko kilicholowa maji, huukata na kuudondosha mafutani. Kaimati huzama, ikaibuka, na ikiwa unga umeumuka sawasawa hujigeuza yenyewe bila ya kuguswa. Kisha ni shira, yaani sukari na maji yaliyochemshwa pamoja na iliki, ambayo haina ila kiwango kimoja cha haki: ikiwa nyepesi huipenya kaimati na kuilegeza, ikiwa nzito mno huganda kabla haijaenea. Mama huipima kwa kuibana kidogo kati ya vidole viwili na kuviachanisha, na ukionekana uzi mwembamba, huepua. Hana saa ya ukutani wala mizani. Saa tisa sinia iko tayari, mwanawe akaibeba mpaka pembeni mwa njia, na mnunuzi apitaye haoni ila sinia hiyo, wala hajui kwamba kazi yake ilianza wakati yeye mwenyewe angali kitandani.

Katika meko ya namna hiyohiyo hutoka vitumbua, visheti, vileja, mkate wa kumimina, na ule mkate wa ufuta ambao magharibi za Ramadhani hununuliwa kabla haujapoa. Halua, kwa upande wake, ni kazi ya wanaume aghalabu, na ni kazi ya mabega: wanga, sukari, samli, iliki na zafarani hukorogwa katika sufuria kubwa juu ya moto wa kuni kwa saa kadhaa bila ya kuachwa, kwani ikiachwa kidogo tu hushika chini. Maarifa yake yalitoka Oman, na wapikaji wa Unguja na Pemba wameyashika vizuri hata hapana harusi wala sikukuu visiwani isiyokuwa na halua karibu na kahawa.

Jua likizama, watu huelekea Forodhani. Bustani hii imekaa mbele ya Ngome Kongwe na Beit-al-Ajaib, lile jengo la Sayyid Barghash la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Ilitengenezwa mwaka 1936 kwa ukumbusho wa yubile ya Sultani Khalifa bin Haroub wa Zanzibar, na baada ya ukarabati mkubwa wa Aga Khan Trust for Culture ikafunguliwa tena mwaka 2009. Wakati wa Tamasha la Nchi za Majahazi, lililoanza mwaka 1998, na la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, watu watokao Ngome Kongwe kusikiliza muziki humwagika hapa usiku wakiwa na njaa, na meza za wapishi hazipati kupumzika.

Hapa sina budi kusema kweli yangu. Mishikaki ya kamba na ngisi iliyopangwa chini ya taa hupendeza katika picha, lakini chakula cha baharini kilichokwisha kuchomwa, kikapoa, kikasubiri mnunuzi, kikachomwa tena mbele yake, hakistahili sifa kipewazo, na bei yake mara nyingine hutajwa kwa kuutazama uso wa mgeni. Wenyeji huvipita. Husimama kwa muuza maji ya miwa, ambaye huupitisha muwa katika mashine pamoja na ndimu na tangawizi, au kwa yule akaangaye ile iitwayo piza ya Unguja. Jina lake lisimpotoshe mtu, kwa sababu haina udugu na piza ya Waitalia. Ndugu zake ni mkate wa mayai wa Mombasa na mutabbaq ya Waarabu. Donge la unga lililolowekwa mafuta hutandazwa kwa vidole mpaka likawa jembamba kama kitambaa cha shashi, nyama ya kusaga, vitunguu na yai vikawekwa katikati, pande zote zikakunjwa, na kipande kikatelezeshwa juu ya tawa. Kula kikiwa cha moto. Hicho kimepikwa mbele ya macho yako na kwa ajili yako, na tafauti yake na kile kilicholala chini ya taa huwezi kuikosa.

Ama siku za Idd ni habari nyingine kabisa. Mwezi mzima migahawa imefunga milango mchana, na jiko limeamka usiku. Kisha mwezi unaandama, sala inasaliwa, pilau inaliwa nyumbani, na ikifika alasiri watoto wote wa mjini, katika nguo mpya na hina mikononi, huelekea viwanjani wakiwa na fedha walizopewa na wazazi, wajomba na shangazi zao. Mnazi Mmoja hujaa mabembea, vibanda na moshi. Huko Pemba, watoto wa Chake Chake wana Tibirinzi yao. Chakula cha viwanja hivi ni cha watoto, na kwa hiyo watu wazima hukidharau, jambo ninaloliona kuwa ni dhuluma. Ubuyu uliopikwa kwa sukari, iliki na pilipili manga, mwekundu hata ukaipaka midomo rangi. Embe mbichi zilizokatwa na kunyunyiziwa chumvi na pilipili. Muhogo wa kuchoma uliopasuliwa katikati na kusuguliwa ndimu. Njugu, bisi, na barafu za rangi ambazo huyeyuka upesi kuliko mtoto anavyoweza kula: hivi ndivyo vitu vya kwanza ambavyo mtoto wa Unguja huvinunua kwa fedha yake mwenyewe na kwa hiari yake mwenyewe. Hapo hujifunza kuchagua, kulinganisha meza ya huyu na ya yule, na kumwambia muuzaji, "Shikamoo, bibi, nipe ule wenye pilipili." Mlaji mwema hulelewa viwanjani humo.

Na riziki ya watu wangapi imetegemea meza hizi, huonekana zinapoondolewa. Mwaka 2016, kipindupindu kilipoingia Unguja, serikali ilipiga marufuku kwa muda uuzaji wa vyakula na vinywaji vya barabarani. Siilaumu amri hiyo, kwa kuwa uhai wa watu hutangulia biashara, na maradhi yale hupita katika maji machafu na mikono isiyonawa. Lakini amri ilipotolewa, aliyenyamazishiwa jiko lake alikuwa ni mama wa urojo na mama wa kaimati, ambaye ada ya shule ya wanawe na kodi ya nyumba vilitoka katika sufuria lile, naye mara nyingi hana bomba karibu na meza yake wala mahali pa kutupa taka. Mahoteli makubwa yenye mabomba yao na visima vyao yaliendelea kupika.

Kwa hiyo, msomaji, ukifika Unguja, usiyaone mabaraza kuwa ni mahali pa kupita tu ukielekea penye meza za wageni. Keti, ule umeketi kama walivyotufunza wazee, muulize aliyekipika chakula chako amekipikaje, na bei aliyoitaja kwa haki umpe bila ya kumpunguzia. Na wenye mamlaka ya mji huu, ambao kila mwaka huwaalika wageni waje kuonja vyakula vya Unguja, nawaomba wawapelekee wapikaji wa vyakula hivyo maji safi ya bomba mpaka penye meza zao.